Naomba ushauri: tathmini ya maji Bonde la Pangani hadi 2050, nguvu tuweke wapi?

Kijana wa Kikafu:
Wakuu, salaam. Nipo kwenye timu inayopanga tathmini ya maji ya Bonde la Pangani: yatakayopatikana na yatakayohitajika hadi mwaka 2050. Eneo linaanzia miteremko ya Meru na Kilimanjaro, linashuka na Kikuletwa na Ruvu (hii ya Ziwa Jipe, si ile ya Dar) hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Korogwe, Hale, mpaka mto unapoingia baharini.

Wenzangu wengi wanataka tuanze na modeli (hesabu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa maji): tuingize makadirio ya mvua na ongezeko la watu kutoka Sensa ya 2022, itoe majibu. Mimi naona hata maji ya leo hatujui yanakwenda wapi. Vibali vya kuchukua maji vinasema hivi, mto unasema vile. Fedha hazitoshi kufanya yote mawili vizuri. Mliowahi kufanya kazi hizi, mngeanzia wapi? Nawasilisha.

FundiMaji:
Mkuu, shikilia hapohapo. Hesabu ya leo ikiwa mbovu, ya 2050 itakuwa mbovu zaidi. Orodha ya vibali haitoshi: mwenye kibali anaweza kuchukua zaidi ya alichoandikiwa, mwingine hachukui kabisa, na mifongo (mifereji ya asili) mingi ya Wachaga ni mikongwe kuliko sheria zote za maji tulizo nazo. Tembeeni mto kwa mto wakati wa kiangazi, mpime kwenye kila banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni.

La pili naliwekea mkazo. Maji yanayotolewa mtoni si yote yanayopotea. Mfongo wa udongo unavuja, na sehemu ya maji hayo huzama ardhini na kuibuka kwenye chemchemi na visima vya walio chini. Ukiusakafia kwa saruji, wa juu anafurahi, ila chemchemi ya wa chini inaweza kupungua. Kwa hiyo kila matumizi yawe na safu mbili: yaliyochukuliwa, na yasiyorudi kabisa kwa sababu yamevutwa na mimea au kukaushwa na jua. Bila hivyo mtawaahidi watu maji "yaliyookolewa" ambayo tayari yana mtumiaji.

Dada wa Same:
Shikamoo kaka FundiMaji. Naongezea la Upareni. Kwetu ndiva (mabwawa madogo ya asili ya kumwagilia) hujazwa usiku na kufunguliwa mchana. Mkipima saa za kazi tu, hamtajua mto unabaki na nini usiku. Kaeni na wazee wa ndiva na viongozi wa jumuiya za watumia maji, wanajua zamu zote. Tena waelezeni mapema kwamba hamkuja kutafuta wa kutozwa ada, la sivyo mfereji mtafichwa.

Mwamba wa Meru:
Upande wa upatikanaji, msimalize bajeti kwenye barafu ya Kilimanjaro. Inapungua kweli, lakini mchango wake kwenye mito ni mdogo sana. Maji yetu yanatoka kwenye mvua ya ukanda wa msitu, kwa hiyo moto na ukataji miti huko ndivyo vya kuwekewa hesabu. Pia tenganisheni maji kwa ubora. Visima vingi kuzunguka Meru vina floraidi (madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi) juu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Kisima cha namna hiyo msikiandike kama maji ya kunywa, hata kama kinajaa mwaka mzima.

Kalamu ya Hale:
Mimi sikubali kwamba modeli isubiri. Tengenezeni ya kawaida tu, jedwali la mwezi kwa mwezi: yanayoingia, yanayotoka, yanayobaki bwawani. Mwezi, siyo mwaka, maana wastani wa mwaka huficha kiangazi chote. Kisha badilisheni namba mojamoja: kilimo cha umwagiliaji kikiongezeka, Arusha na Moshi zikikua haraka, vuli ikikosekana misimu miwili mfululizo. Namba inayoyumbisha jibu zaidi ndiyo mkaipime kwa fedha zenu. Na msisahau mitambo ya umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, New Pangani Falls 68. Mitambo yenyewe hainywi maji, ila inayataka kwa wakati wake, na wakati huo si lazima uwe wa mkulima.

Mwana Pangani:
Jamani, na sisi wa mwisho wa mto tuandikwe. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda ndani, yakaharibu mashamba na visima. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, halafu mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Basi maji ya mazingira yatengwe mwanzo wa hesabu, msitupe masalio.

Kijana wa Kikafu:
Shukrani sana. Jedwali la mwezi kwanza, kisha vipimo linakoelekeza, usiku na mchana. Hilo nalipeleka kwa timu. Swali moja: upande wa Kenya tuufanyeje?

FundiMaji:
Msikate hesabu mpakani. Mto Lumi unapita Taveta kabla ya kuingia Jipe, na Ruvu inatoka Jipe. Ziwa Chala nalo ni la pande zote mbili. Ombeni takwimu za mtiririko na umwagiliaji wa Taveta mapema, kwa barua rasmi kupitia wizara, kwa sababu majibu huchelewa. Wakati mnasubiri, maji ya upande huo yawekeeni kadirio la juu na la chini, mwone kama yanabadilisha chochote Nyumba ya Mungu.