Antidizaini ya Italia: ilikuwa dharau kwa uzuri, au ilikuwa na hoja inayotuhusu leo?

Mwanafunzi wa Michoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma dizaini ya michoro, mwaka wa pili, na ninaandaa insha kuhusu harakati ya antidizaini iliyoanzia Italia katikati ya miaka ya 1960. Kinachonitatiza si historia yenyewe bali matumizi ya jina hilo siku hizi. Kila nikitafuta mifano ya sasa, ninaonyeshwa kurasa za intaneti zenye herufi zilizopandana, rangi zinazogombana na vitufe ambavyo mtu huvitafuta asivipate, kisha ninaambiwa kwamba huo ndio urithi wa vijana wa Florence walioianzisha. Mhadhiri wangu anaona kwamba harakati yote ilikuwa ubaya wa makusudi ulioandikiwa maelezo marefu. Sitaki kumpinga bila hoja, wala sitaki kukubaliana naye kwa sababu tu amenizidi umri. Je, watu wale walikuwa wanapinga nini hasa, na kuna chochote katika upinzani wao kinachomhusu mtu anayechora leo?

Msanifu Mstaafu

Mwanangu, anza na walichofundishwa, ndipo utaelewa walichokikataa. Kizazi kile kilifundishwa kwamba kitu chema ni kile ambacho umbo lake linatokana na kazi yake: pambo halitakiwi, rangi isiyo na sababu haitakiwi, na kila kona lazima iwe na hesabu yake. Fundisho hilo lilipozaliwa lilistahili heshima kubwa, kwa kuwa liliahidi vitu bora na vya bei nafuu kwa watu wengi. Lakini Italia ya miaka ya 1960 ilikuwa imetajirika haraka kutokana na viwanda, na ile ladha njema ikageuka kuwa njia ya kuwauzia taa na viti vipya watu ambao tayari walikuwa na taa na viti. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mwaka 1966 vijana wa usanifu majengo wa Florence waliunda vikundi viwili ambavyo majina yake utayakuta kila mahali: Archizoom, alimokuwamo Andrea Branzi, na Superstudio, iliyoanzishwa na Adolfo Natalini na Cristiano Toraldo di Francia. Novemba ya mwaka huo mto Arno ulifurika na kuuzamisha mji wao, na mwezi uliofuata wakafanya maonyesho yao ya pamoja huko Pistoia. Sisemi kwamba mafuriko ndiyo yaliyoizaa harakati, maana mawazo yao yalikuwa yamekwisha kuiva, lakini sijawahi kuitazama michoro yao bila kukumbuka kwamba walikuwa wameyaona matope ndani ya makanisa na maktaba za mji uliodhaniwa kuwa wa milele.

Kazi zao zinazosemwa kuwa mbaya zilikuwa hoja zilizochorwa. Archizoom walichora mji usio na mwisho wala sura, wenye taa na hewa ya mashine, uliopangwa kama duka kubwa au ghala la kuegeshea magari, ili kuonyesha mahali ambapo uchumi wa viwanda ungetufikisha kama ungeachwa uende kwa mantiki yake wenyewe. Superstudio mwaka 1969 wakachora jengo moja lenye mistari ya miraba likiizunguka dunia nzima, likipita juu ya majangwa na katikati ya miji, na wapo waliodhani kwamba walitaka lijengwe kweli! Miaka miwili baadaye, katika mhadhara aliotoa London, Natalini alisema kwamba ikiwa dizaini ni kichocheo tu cha kununua, basi dizaini lazima ikataliwe. Neno lenye uzito katika kauli hiyo ni «ikiwa».

Mchoro wao unaonigusa kuliko yote ni ule waliouonyesha New York mwaka 1972, katika maonyesho makubwa ya dizaini ya Italia yaliyoandaliwa na Emilio Ambasz kwenye MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa. Waliifikiria dunia iliyotandazwa wavu wa nishati na mawasiliano, ambao mtu angeweza kujiunga nao popote alipo, akaishi bila kulimbikiza vitu. Wavu wa mawasiliano sasa tunao mifukoni. Vitu havikupungua, wavu wenyewe umekuwa soko ambalo halifungwi usiku wala mchana. Mtu anayechora kurasa za soko hilo akisema kwamba harakati ile haimhusu, ninasikitika.

Mhifadhi wa Makumbusho

Ninayaheshimu maelezo ya mzee wetu, na sina ubishi juu ya historia aliyoitoa, ila naona amewahurumia mno watu hawa. Upinzani wao uligharimiwa na viwanda vile vile vya samani. Poltronova ndiyo iliyotengeneza kochi la Archizoom lililokatwa kwa umbo la wimbi kutoka katika bonge moja la sponji. Zanotta ndiyo iliyotengeneza meza nyeupe ya Superstudio yenye miraba ya sentimita 3 kila upande. Meza hiyo ilikusudiwa kuwa kitu kisicho na sura, kitu cha kuimaliza hamu ya vitu, lakini imeingia katika orodha ya samani za kifahari ambazo watu huzitamani. Sijui upinzani gani ulioshindwa waziwazi kuliko huo.

Tazama pia kundi la wabunifu liitwalo Memphis, ambalo msanifu Ettore Sottsass alilikusanya Milano mwishoni mwa 1980 na ambalo lilifanya maonyesho yake ya kwanza Septemba 1981. Nakiri kwamba Sottsass alifanya jambo la ujasiri. Aliichukua fomaika, yaani bamba la plastiki ngumu la kubandika juu ya mbao, malighafi ya kaunta za mikahawa na meza za jikoni, akaipandisha hadi sebuleni, na rafu yake ya vitabu inayoitwa Carlton, yenye mbao zilizoinamia huku na huku kama mtu aliyeinua mikono, inawaambia matajiri kwamba thamani ya kitu haiko katika gharama ya mti wake. Ni hoja nzuri sana. Lakini walioinunua ni nani? Mbunifu wa mavazi Karl Lagerfeld alijaza samani za Memphis katika nyumba yake ya Monaco, na zile za mwanamuziki David Bowie zilipigwa mnada na Sotheby's mwaka 2016. Hoja ya kuwakemea wenye fedha iligeuka kuwa mapambo yao.

Kwa sababu hiyo, dada au kaka uliyeuliza, kurasa unazoonyeshwa leo si usaliti wa harakati. Ni mwendelezo wa mwisho wake: sura ya uasi imebaki, na swali lililoizaa halipo tena.

Fundi Randa

Shikamooni wakubwa. Mimi ni seremala, na naona wote wawili mmekuwa mkivizungumzia vitu vilivyokwisha kupelekwa kwenye maonyesho. Ipo sehemu nyingine ya ugomvi huu ambayo haikuhitaji jumba lolote.

Mwaka 1974 mbunifu wa Italia Enzo Mari, ambaye hakuwa mmoja wa vijana wa Florence lakini alikuwa na hasira ile ile dhidi ya soko, alichora meza, viti, vitanda na makabati yanayotengenezwa kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari basi. Michoro hiyo aliitoa kwa yeyote aliyelipia gharama ya posta, akaruhusu kila mtu aitumie isipokuwa viwanda na wafanyabiashara, na akawaomba watengenezaji wamtumie picha za kazi zao. Lengo lake halikuwa kuwapa watu meza za bei rahisi. Alitaka mtu akishapigilia misumari mwenyewe, ajue kwa mikono yake kwa nini mguu mmoja unahitaji mbao ya mshazari na mwingine hauhitaji, ili siku ya pili akiingia dukani asidanganyike.

Nimeijenga mojawapo ya meza hizo pamoja na vijana ninaowafundisha kazi. Ya kwanza ilitikisika kama meno ya mtoto, kwa sababu tulitumia mbao mbichi, zikajipinda. Ya pili mwanafunzi mmoja aliongeza mshazari ambao Mari hakuuchora, na meza ikasimama imara. Nilifurahi kuliko ningefurahi kama angenakili mchoro bila kosa.

Riccardo Dalisi naye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa akienda na wanafunzi wake wa usanifu katika mtaa wa Traiano huko Napoli, wakatengeneza vitu pamoja na watoto wa hapo kwa vifaa duni vilivyopatikana. Mwaka 1973 yeye, Branzi, Sottsass, watu wa Superstudio na wengine wakaanzisha Global Tools, mpango wa shule isiyo na mtaala wa kudumu, ambamo kazi za mikono zingekuwa msingi wa kujifunza. Haukudumu miaka mingi. Hata hivyo, swali lake ndilo ninalokutana nalo kila ninapoona simu ambayo betri yake imegandishwa kwa gundi ili mwenyewe asiifungue, au ukurasa wa malipo ambao kitufe cha kukataa kimefifishwa makusudi. Vitu hivyo ni vizuri kwa macho, vimenyooka na havina doa, na vimechorwa ili mtumiaji asielewe. Mari angevipinga bila kuongeza hata herufi moja iliyopinda.

Mwanafunzi wa Michoro

Ninawashukuru sana nyote. Nilikuwa nimeilinganisha harakati hii na kurasa zenye fujo kwa kuwa zinafanana kwa sura, na sasa naona kwamba ulinganisho wenye manufaa ni kati ya michoro ya Mari na fomu tunazozichora kwa ajili ya skrini. Nitaifuta sura ya tatu ya insha na kuianza upya. Nina swali moja tu kwa Msanifu: je, ulinganisho huo ni wa haki, hali karatasi na skrini ni vitu viwili tofauti?

Msanifu Mstaafu

Ni wa haki, ila tofauti hiyo usiifiche. Mchoro wa Mari ulikuwa karatasini, kwa hiyo kijana wa Fundi Randa aliweza kuchukua penseli na kuongeza mshazari wake papo hapo. Chagua fomu moja unayoifahamu vizuri, kisha ueleze ni wapi mtumiaji wake anaweza kufanya vivyo hivyo. Usipopaona mahali hapo, eleza ni nani aliyepaziba na kwa faida ya nani.