Nimeuziwa Parallel Lines "chapa ya kwanza", kumbe nimepigwa dakika mbili!

Wakuu, heshima mbele. Leo nina povu, mtanivumilia.

Tangu Januari nawinda santuri ya Parallel Lines ya Blondie, ile ya Septemba 1978, chapa ya kwanza kabisa, yaani nakala zilizochapwa albamu ilipotoka. Nikampata muuzaji Marekani, duka la mtandaoni, jina nalihifadhi kwa sasa. Tangazo lake herufi kubwa: CHAPA YA KWANZA, 1978. Nakala za kawaida anauza dola 20, hii dola 85. Nikalipa bila kupepesa. Shemeji yangu akaipakata safari nzima kama mtoto mchanga mpaka Dar.

Jalada safi. Mistari myeusi na myeupe, wanaume watano wenye suti nyeusi na tai nyembamba wanachekelea, mwimbaji wao Debbie Harry kasimama na gauni jeupe, mikono kiunoni, kanuna. (Na kabla hamjaanza: Blondie siyo jina la yule dada, ni bendi ya watu sita. Walichoshwa na hilo kosa hadi zikatengenezwa beji za kuwakumbusha watu kwamba Blondie ni kundi.)

Nikaweka upande wa pili. "Sunday Girl" ikapita, ikaingia "Heart of Glass", wimbo wa nne. Nikawa nasikiliza huku nakunywa chai. Chai ikaisha. Wimbo haujaisha. Ngoma inazunguka, kinanda kinazunguka, mimi naangalia sindano, sindano inaniangalia. Nikairudisha mwanzo, nikawasha saa ya simu.

5:50.

Kwa wasiofuatilia haya mambo: kwenye albamu ilivyotoka mara ya kwanza, wimbo huo ni 3:54. Ulipolipuka mwaka 1979 na kushika namba moja Uingereza na Marekani, kampuni ikauchomoa ule mfupi na kupachika ule mrefu wa kumbi za disko kwenye chapa za baadaye. Kwa hiyo hii ya kwangu ni ya baadaye. Haihitaji mtaalamu, inahitaji saa tu!

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: albamu ni ileile, na isitoshe nimepata dakika mbili za nyongeza bure. BURE! Dola 65 zangu za ziada zimelipia nini, upepo?

Najua kuna mkuu atakuja kuniuliza tofauti iko wapi, mbona sauti ni ileile. Tofauti ipo, tena kubwa. Huo wimbo walikuwa nao tangu 1975, wenyewe wakiuita "ule wa disko". Mwaka 1978 prodyuza Mike Chapman akaufumua upya pale studio ya Record Plant, New York, wakaingiza mashine ya mdundo ya Roland CR-78, na Clem Burke, mpiga ngoma aliyekuwa hakamatiki, akalazimika kuifuata ile mashine pigo kwa pigo. Jamaa wa pank, ile roki ya fujo, waliowajua toka enzi za klabu ya CBGB ya New York, wakaona wamesalitiwa kwa disko.

Sasa ule wa 3:54 unapita katikati ya albamu ya roki kama utani wa bendi: unaingia, unakuvuruga, unatoka, na mara moja wanaruka kwenye wimbo wa zamani wa Buddy Holly, mwanaroki wa miaka ya hamsini. Hapo bado haujajua kwamba utauza mamilioni. Ule wa 5:50 unajua. Unajishebedua, umekaa sebuleni na hauagi. Mimi nilikuwa naitaka albamu kabla haijajua, ndiyo maana nikalipa.

Na huyo muuzaji anajua fika, kwa sababu tangazo lilipobadilika baada ya malalamiko yangu, nakala nyingine aliyonayo sasa imeandikwa "chapa ya mapema". Ya mapema! Mapema kuliko nini?

Ananiambia niirudishe kwa gharama zangu. Kutuma kifurushi hadi Marekani ni kujiongezea msiba juu ya msiba, na shemeji hasafiri tena mwaka huu.

Mwenye ile ya 3:54 na yuko tayari tubadilishane, inbox iko wazi, naongeza na hela juu. Ila asinitumie picha ya jalada. Anitumie video, sindano na saa vikionekana pamoja, kuanzia sekunde ya kwanza hadi Buddy Holly.