Ushauri: namfundisha mtoto nyumbani kwa bao na mdako, hesabu zimekubali, kusoma kumegoma

Baba Idd: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu namfundisha mwenyewe nyumbani tangu Januari. Madaftari anayakimbia, kwa hiyo tunasoma kwa michezo. Asubuhi bao: akishika kete saba, kabla hajazisambaza namuuliza zitaishia shimo gani. Midomo inachezacheza, ananyoosha kidole. Siku hizi hakosei. Jioni mdako na dada yake, mbili mbili, tatu tatu, hapo naingiza kugawanya. Shida kusoma. Nimeandika silabi kwenye vizibo vya soda. Ba be bi anapita, akiokota "nywa" anaomba kwenda chooni. Nipeni mbinu, silali.

Chapati Mbili: Hata mimi nikiona barua ya benki naomba kwenda chooni 😂

Mama Pacha: Mmenikumbusha rede! Unajaza mchanga kwenye chupa huku mpira unakutafuta mgongo. Dada yangu alikuwa anaficha kokoto chini ya chupa ijae haraka. Leo ni mhasibu.

Mwalimu wa Chaki: Ana miaka mingapi? Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa miaka 7 awe ameandikishwa shule. Michezo endelea nayo, ila usimchanganyie vizibo. Wiki nzima nya nye nyi nyo nyu tu, ajenge nyanya, nyoka, nyuki.

Baba Idd: Ana 8. Alikuwa la pili, mwalimu akamwita mzito mbele ya wenzake. Nikamtoa.

Dada wa Ferry: Mama yake anasemaje?

Baba Idd: Yuko Muscat, kazini.

Dada wa Ferry: Sijauliza yuko wapi.

Baba Idd: Hajui. Anatuma ada kila muhula. Ya kwanza niliitanguliza kwenye bodaboda ya mkataba. Lakini jamani, pikipiki inaingiza hela, na mtoto anajua hesabu kuliko alivyokuwa shule! Mama yake anarudi Desemba. Akimkuta anasoma, ataelewa.

Dada wa Ferry: Akipiga simu ya video je?

Baba Idd: Tunamvalisha sare.

Mama Pacha: Mungu wangu.

Mzee wa Kimbi: Nilikuwa nasoma kimya. Hii chai. Miaka 8 acheze bao? Haya, nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, mnaanza na kete ngapi?

Baba Idd: Mbili mbili kila shimo.

Mzee wa Kimbi: Kakamatwa! Nyumba 6, mashimo mawili ya jirani mbili mbili, 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Chai, tena ya tangawizi. Huna mtoto wala pikipiki.

Mwalimu wa Chaki: Mzee, hilo analosema ni bao la kujifunza. Mashimo 32, mbili mbili, kete zote 64 ziko ubaoni tangu mwanzo. Hakuna kunamua. Watoto wanaanzia hapo.

Mzee wa Kimbi: Hilo mimi silihesabu bao.

Chapati Mbili: Turudi kwenye sare. Nani anaipiga pasi?

Dada wa Ferry: Na ada ya muhula wa pili iko wapi?

Baba Idd: Wakuu, mimi nimeuliza kuhusu "nywa".

Mzee wa Kimbi: Akitoka kucheza ana kiu, weka kikombe cha maji juu ya karatasi yenye "kunywa". Asome ndipo anywe. Na Jumapili mlete. Tutaanza na nyumba ya 6.