Mama akifilisika, watoto wapelekwe kwa walezi?

Wadau, jana mwenzetu mmoja alisema hapa kwamba mzazi asiyeweza kulisha watoto aondolewe watoto hao, maana huruma haishibishi. Huruma haishibishi kweli. Mimi inanitatiza hesabu yake.

Juzi niliangalia Ingeborg Holm, sinema ya Uswidi ya mwaka 1913 isiyo na sauti, kazi ya Victor Sjöström. Mume anafungua duka, kifua kikuu kinamuua. Mjane anajitahidi, duka linafilisika, vidonda vya tumbo vinamlaza. Anaishia nyumba ya maskini na watoto wake watatu wanagawiwa walezi wanaolipwa. (Enzi hizo kule watoto maskini waliweza kunadiwa, tena mnada wa kinyumenyume: anayetaka posho ndogo kuliko wenzake ndiye anayempata mtoto. Ulikomeshwa kwa sheria ya 1918.)

Binti anaugua. Mama anaomba akamwone, anajibiwa hakuna fedha za safari. Anatoroka usiku. Polisi wanamsaka, wanamrudisha, na msimamizi anafoka kwa gharama za msako. Yaani nauli ya mama ilikosekana, ya kumkimbiza ikapatikana!

Baadaye analetewa yule mdogo. Mtoto hamjui. Mama anavua kitambaa chake, anakikunja kiwe mwanasesere, anambembeleza nacho. Wapi! Hapo akili zinamruka, na tunamkuta amepakata kipande cha ubao, anakibembeleza kama mtoto. Miaka 15 ikipita, mwanawe aliyekuwa baharia anamwonyesha picha ya mama mwenyewe enzi za ujana wake na akili zinamrudia. Hapo mimi sikuamini, lakini tuyaache.

Mtasema ni machozi ya kutungwa. Nils Krok, aliyeandika tamthilia iliyozaa sinema hii, alikuwa amefanya kazi kwenye huduma za maskini huko huko, na Waswidi walibishana sana baada ya kuiona.

Msimamo wangu: mama huyu hakumpiga mtoto wala hakumtelekeza. Alipungukiwa. Kama posho ya kumlipa mgeni amlee mwanawe ipo, kwa nini asipewe yeye? Mtoto anayeteswa ni kesi nyingine, huyo mwondoeni leo hii.

Mnaosema angeitapanya hiyo posho, karibuni, nawasikiliza. Ila anzeni na ile nauli.