Fundi ana ujuzi lakini hana cheti wala cherehani: aanzie wapi?

Mkazi wa Mbagala
Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri kwa niaba ya jirani yangu, mama wa watoto watatu, ambaye kaya yake imo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ameshona sare za shule kwa zaidi ya miaka kumi, na nimemshuhudia akipanga marinda ya sketi kwa macho tu, bila chaki wala rula, yakalingana yote. Cherehani si yake. Huikodi kwa shilingi 2,000 kwa siku, na siku ambayo wateja hawakuja hubaki na deni. Mwezi uliopita aliomba kazi katika kiwanda cha nguo, akarudishwa getini kwa sababu hana cheti. Kikundi alichojiunga nacho ili waombe mkopo wa halmashauri kimevunjika kabla ya kusajiliwa. Je, atafute cheti kwanza au mtaji?

Seremala
Pole kwake, dada. Mimi nilijifunza useremala kwa kushika randa karakanani kwa mjomba wangu, na milango ilifungwa vivyo hivyo mpaka nilipoelezwa kuhusu urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi), yaani utaratibu wa kumtambua fundi aliyejifunza nje ya mfumo rasmi. Mtathmini huangalia kazi unayoifanya na kukuuliza maswali. Panapoonekana pengo hupewa mafunzo mafupi, kisha unapata cheti. Aende ofisi ya VETA iliyo karibu, aulize pia kama kuna awamu inayogharimiwa na serikali, kwa maana zimekuwa zikitolewa. Achukue na sketi mbili alizoshona mwenyewe.

Afisa Maendeleo Mstaafu
Naomba niongezee kuhusu mkopo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Ulisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Tatizo nililolikuta mara nyingi kazini ni vikundi vinavyoundwa kwa ajili ya fedha tu: wanawake watano wasiofahamiana wanaandika katiba kwa haraka, mmoja anatoroka na wanne wanabaki kulipa. Ndiyo maana hakuna sababu ya kusikitika sana kwamba kile cha jirani yako kilivunjika mapema. Atafute mafundi wenzake anaowaona kila siku, wenye shughuli inayoonekana, kisha waende pamoja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mama Kikoba
Nakubaliana na mzee wangu, ila mimi ningeanza na cherehani. Akishona siku 26 kwa mwezi, kukodi peke yake kunamla shilingi 52,000, na fedha hiyo haitarudi kamwe. Kwenye kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mwenzetu mmoja alinunua hisa kila wiki, akakopa mara mbili ya akiba yake, akapata cherehani iliyotumika ya kukanyaga kwa mguu; marejesho yake yalikuwa madogo kuliko kodi aliyokuwa akilipa. Tafadhali sana, dada yangu, mzuie asiguse mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Nimeona godoro likitolewa nje ya nyumba watoto wakiwa wamelilalia, kwa deni ambalo lilianza na kiasi kidogo cha kununulia vitambaa.

Mkazi wa Mbagala
Nawashukuru sana. Nimemsomea majibu yenu jioni hii akiwa anatia vifungo. Amesema mafundi wenzake wawili wa mtaa huu wana shida hiyo hiyo ya cheti, na Jumatatu tutaongozana wote wanne hadi VETA. Mama Kikoba, naomba kuuliza: kikoba chenu kinapokea mwanachama mpya katikati ya mzunguko, au asubiri mgawo wa akiba mwishoni mwa mzunguko?

Mama Kikoba
Kwetu husubiri mgawo, lakini anaweza kuanza kuhudhuria vikao sasa ili wanachama wamfahamu.