MJADALA: Mitishamba vijijini ipigwe marufuku?

Wakuu habari zenu. Jana kuna mdau kasema serikali ipige marufuku mitishamba huko kwa wafugaji, eti ndo inamaliza mama zetu, wengine wakamuunga mkono wengine wakamtukana. Nimeona tulijadili vizuri maana hili limenigusa nyumbani.

Mimi nimekulia umasaini, upande wa Longido. Kwetu mti na dawa ni neno moja, olcani, sasa ukimwambia koko wangu (bibi) aache dawa ni kama umemwambia asiangalie miti. Kifua kikibana unatafuna gome la osokonoi, linawasha ulimi kushinda pilipili. Akichinjwa mbuzi supu inachemshwa na magome na mizizi ya olkiloriti mpaka inakuwa nyekundu kama chai ya rangi, ndo mafuta yasikulemee. Na koko hachuni gome kuzunguka shina, anabandua kipande cha upana wa kiganja upande mmoja tu, halafu anapaka udongo mbichi pale kwenye kidonda cha mti.

Lakini sitaficha na hili. Dada yangu akiwa na uchungu wa mtoto wa pili alipewa majani ya kuharakisha, akanywa kikombe kizima, uchungu ukaja kwa fujo tukamkimbiza kituo cha afya. Nesi akamuuliza umekunywa chochote? Akasema hapana. Mama yuko pembeni anasikia, naye kimya. Walinyamaza kwa sababu kliniki ya mwezi ule kuna mama alikubali kwamba anatumia, akafokewa mbele ya foleni nzima mpaka akalia. Basi dada akawekewa dripu ya uchungu juu ya yale majani, kizazi kikapasuka. Yeye alipona, mtoto hatukumpata.

Kwa hiyo mkisema marufuku mimi naona watu watakunywa vilevile ila watazidi kuficha.

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Mimi ni nesi, naomba mnisikilize na sisi. Usiku niko peke yangu, wajawazito watatu, mmoja amekunywa kitu sijui ni nini, sijui ni kiasi gani, na majani hayana dozi, leo kayachuma mwenye kiganja kidogo kesho mwenye kiganja kikubwa. Halafu mmesahau 2011? Watu waliacha ARV wakaenda Samunge, Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga cha mchungaji mstaafu Masapila, shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita. Wengine walirudi kwetu wamebebwa. Mimi sipingi osokonoi ya kikohozi, napinga dawa ya uchungu na napinga mtu kuambiwa aache vidonge. Hivyo viwili vipigwe marufuku kabisa.

JIBU: Nesi nakuheshimu ila hiyo mseto mnayotupa ya malaria imetoka wapi kama sio kwenye majani? Mmea wa artemisia, Wachina waliutumia miaka na miaka, mwanasayansi wao Tu Youyou akautoa dawa na 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Na sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002, ina baraza lake, waganga wanasajiliwa, hiyo marufuku mnayoitaka inaanzia wapi? Mnaowaacha ni wanaojaza magunia ya magome kupeleka mjini, wanachuna mti mzima unakauka umesimama.

JIBU (mleta mada): Asanteni. Hapo kwenye artemisia mkuu umesema kweli nusu, maana WHO, shirika la afya duniani, hawaungi mkono kunywa chai yake kutibu malaria, dawa iliyomo kwenye kikombe mara nyingi ni kidogo haitoshi kumaliza vimelea na inaweza kuwafundisha usugu. Kwa hiyo mti kuwa na dawa ni jambo moja, kujua kiasi ni jambo lingine, hapo niko na nesi.

Ila nesi, marufuku yako hiyo dada yangu angeisikiaje? Angezidi kuogopa. Mimi nachotaka ni kitu kidogo sana, mjamzito akifika atolewe kwenye macho ya watu, na asiulizwe "umekunywa mitishamba wewe?", aulizwe "nyumbani wamekupa dawa ya nani, na saa ngapi?" Hapo ameshajua hatapigiwa kelele, atasema. Na wakunga wa jadi waitwe kituoni walete hayo majani yaonekane kwa macho, wao wanajua majina yake, nyie mnajua dripu, mkikaa pamoja mtajua kipi hakichanganywi na kipi.

Koko yale majani ya uchungu ameacha kuyatoa. Hakuna aliyemkataza, alikuwepo siku tunamrudisha dada nyumbani mikono mitupu. Osokonoi bado anatoa, na mimi natumia.

Ninyi kwenu mjamzito akifika zahanati anaulizwaje?