Naomba ushauri: Legacy GT inagonga mbele kushoto na kuvuta usukani

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Nina Subaru Legacy GT spec.B ya 2005, wagoni ya turbo. Ni gari ya kubebea watoto na magunia ya viazi, ila ukiikanyaga inaitika, ndiyo maana siiuzi.

Mbele kushoto inagonga ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo, mwendo wa taratibu. Ajabu, matuta makubwa inapita kimya. Nikishuka kwenda Tukuyu, nikishika breki kwenye kona usukani unavuta kushoto, na tairi ya upande huo inalika kwa ndani.

Fundi anang'ang'ania nibadili shokapu, zile za kampuni ya Bilstein ilizokuja nazo gari. Mimi sikubali haraka: hazivuji, na nikiibonyeza gari mbele inatulia papo hapo. Kwa mlio nashuku stabilaiza linki (kile kifimbo kinachounga stabilaiza, chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona). Kwa kule kuvuta nashuku bushi (mpira wa kwenye maungio) ya nyuma ya mkono wa chini, ule unaoshikilia tairi kwa chini. Ilibadilishwa juzijuzi tu, lakini mpira umeshachanika. Bolti ilikazwa gari ikiwa kwenye jeki, matairi yananing'inia, wakati ilitakiwa ikazwe gari imekaa chini kwa uzito wake. Gari ikishushwa, mpira unabaki umejipinda muda wote.

Sasa wenye uzoefu: mnatofautishaje mlio wa linki na wa maunti ya juu ya shokapu (pale inapofungwa kwenye bodi) bila kufumua kila kitu? Na ninunue mkono mzima wa mtumba wa Japani, au nipige presi bushi mpya peke yake? (Alaimenti najua, nitafanya mwishoni.)